V-Strom 650 ya safari ndefu na abiria: anza na mizani

SWALI: Nina Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2014 ambayo haijabadilishwa chochote. Mimi na mke wangu tunapanga safari ya kilomita kama 12,000. Sehemu kubwa ni lami, ila changarawe na barabara zenye mawimbi zitakuwepo. Tayari nimeandika orodha ya kununua: masanduku matatu ya alumini, bamba la kukinga injini, vyuma vya ubavuni, stendi ya kati, taa za ziada, kioo kirefu cha upepo na tangi kubwa. Nianze na kipi, niache kipi, na njiani huwa kinaharibika nini?

JIBU: Kabla hujatoa pesa, chukua kalamu upige hesabu ya kilo. Pikipiki hii ina injini ya sentimita za ujazo 645 yenye nguvu ya kutosha watu wawili, na injini hiyo ni mvumilivu sana. Kinachoshindwa kwanza kwenye safari ndefu ni springi, tairi, rimu na fremu ndogo ya nyuma, na vyote hivyo vinashindwa kwa sababu ya uzito.

Toleo lako lina kilo 214 likiwa na mafuta na vimiminika vyote. Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Ukitoa hizo 214 utabaki na karibu kilo 200 za kubeba kila kitu, wakiwemo watu. Sasa tuseme wewe una kilo 80 na mke wako 62. Ongeza kofia, koti, buti na glavu, kama kilo 8 kwa kila mmoja. Hapo mmeshafika 158, zimebaki 42. Masanduku mawili ya pembeni ya alumini, yakiwa matupu, ni kilo 5 hadi 6 kila moja. Fremu zake ni 6 au 7, na sanduku la juu pamoja na kitako chake ni 6 nyingine. Hizo ni kama 24. Vyuma vya ubavuni 5, bamba la injini 4, stendi ya kati 5. Jumla 38. Zimebaki kilo 4 za nguo, hema, maji, spana na chakula cha watu wawili.

Ndiyo maana pikipiki nyingi za safari zinazobeba wawili hutembea zikiwa zimezidi kilo 30 au 40 bila mwenyewe kujua. Zinatembea, ndiyo. Lakini shokapu ya nyuma inagonga mwisho kwenye kila shimo, tairi ya nyuma inachemka, na baada ya siku kadhaa za barabara ya mawimbi ufa unatokea pale chuma cha keria kilipochomelewa.

Kwa hiyo orodha yako ningeikata hivi. Masanduku ya alumini yatoke, yaingie mabegi laini yasiyopitisha maji, ya lita 25 hadi 30 kila upande, juu ya vyuma vyepesi vya kuyazuia yasiguse tairi na bomba la moshi. Mabegi yote mawili na vyuma vyake mara nyingi hayazidi kilo 8 au 9. Pikipiki ikianguka kwenye mchanga begi laini halibani mguu wa mtu kama sanduku, na halipindiki likakataa kufungwa. Ubaya wake ni usalama wa vitu mkisimama mjini, na huo ni wa kweli. Kama mtalala mijini zaidi kuliko porini, weka sanduku dogo la plastiki la juu lenye kufuli kwa nyaraka na vifaa vya umeme, basi. Bamba la injini libaki. Vyuma vya ubavuni vibaki. Stendi ya kati ibaki, kwa sababu bila hiyo kuziba pancha ya nyuma na kupaka cheni mafuta kando ya barabara ni mateso. Taa za ziada ni hiari. Tangi kubwa, hapana. Sababu ziko mbele.

Springi kabla ya mapambo

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, iende kwenye springi. V-Strom 650 ilitoka kiwandani na springi laini, hasa za mbele: ukifunga breki pua inazama, na ukipakia abiria mkia unakaa chini. Mkia ukikaa chini, usukani unakuwa mwepesi, taa kubwa inamulika juu ya miti, na ukivuka kilomita 100 kwa saa pikipiki inaanza kuyumba taratibu kushoto na kulia. Wengi hulaumu tairi au masanduku, na mara nyingi kosa liko kwenye urefu wa mkia.

Pima kwanza. Utahitaji utepe wa kupimia na watu wawili wa kukusaidia. Inua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, kisha pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama uliyoweka kwenye fremu moja kwa moja juu yake. Iteremshe, ipakie mizigo yote ya safari, pandeni wote wawili mkiwa na mavazi kamili, pima tena pale pale. Tofauti ya vipimo hivyo ni kiwango cha kuzama. Gurudumu la nyuma lina mwendo wa kupanda na kushuka wa milimita 160 hivi na la mbele 150, na tunataka kuzama kwa kama theluthi moja: milimita 50 nyuma, 45 hadi 50 mbele.

Nyuma una kirungu cha kuzungusha kwa mkono kinachoongeza mkazo wa awali wa springi. Kizungushe hadi upate hizo 50. Ukifika mwisho wa kirungu na bado mnazama 60 au 70, springi haiwezi mzigo wenu. Zingatia hapa, maana ndipo watu wanapodanganyika: mkazo wa awali hauifanyi springi kuwa ngumu, unanyanyua mkia tu. Kuna kipimo cha pili kinachofichua jambo hili. Rekebisha hadi mkazame milimita 50 mkiwa wawili na mizigo, kisha shukeni na muipakue. Pikipiki peke yake inatakiwa izame kidogo kwa uzito wake wenyewe, milimita 5 hadi 15. Kama haizami hata milimita moja, springi ni laini na umeibana kupita kiasi. Badilisha springi, na ukiweza shokapu nzima ya nyuma yenye springi iliyochaguliwa kwa uzito wenu wa jumla. Muuzaji mwenye ujuzi atakuuliza kilo za dereva, za abiria na za mizigo. Asiyeuliza, ondoka.

Mbele, springi za mstari mmoja, yaani zenye ugumu ule ule mwanzo hadi mwisho, za kilo 0.85 hadi 0.95 kwa milimita huwafaa wengi. Unapozibadilisha badilisha na oili ya shokapu, na usiipime kwa mililita peke yake. Pima nafasi ya hewa: toa springi, bana shokapu hadi mwisho wake, kisha pima kutoka mdomo wa bomba hadi usawa wa oili, kwa kiwango cha kitabu au cha aliyetengeneza springi. Bomba moja likipishana na jingine kwa milimita 5, mbele kutajibu tofauti kila upande, nawe utahangaika kutafuta tatizo kwenye beringi za usukani.

Na kwa kuwa gurudumu la nyuma litakuwa limetoka, fungua viungo vya chini vya shokapu upake grisi. Kiwandani huwekewa grisi kidogo, na viko njiani mwa tope na maji yanayorushwa na tairi. Beringi hizo zikikauka hukwama pole pole, shokapu inakuwa ngumu, na mtu anaenda kununua shokapu mpya bure. Beringi za usukani zipewe huduma hiyo hiyo: gurudumu la mbele likiwa hewani, geuza usukani taratibu. Ukisikia kama unaingia kwenye kijishimo pale katikati, beringi zimekwisha.

Mzigo ukae wapi

Kizito kikae chini na karibu na miguu ya abiria. Spana, mnyororo wa kufuli, maji na chakula cha makopo viwe sakafuni mwa mabegi ya pembeni, upande wa mbele. Hema na mifuko ya kulalia vikae juu. Kilo zinazokaa nyuma ya ekseli ya nyuma zinainua gurudumu la mbele, kwa hiyo sanduku la juu ni la vitu vyepesi tu. Keria nyingi za namna hiyo zimeandikwa kikomo cha kilo 5 hadi 10, na kikomo hicho kinahesabu sanduku lenyewe.

Bomba la moshi liko kulia na limepanda juu, hivyo begi la kulia hukaa nje zaidi kuliko la kushoto. Ukiweka kilo sawa kila upande, kulia kutavuta zaidi kwa kuwa kuko mbali na katikati. Mzigo mzito kidogo uwe kushoto. Kisha pima upana wote: ukizidi upana wa usukani, kuna siku utapita mahali ambapo usukani umepita na begi likabaki.

Fremu za mabegi ziungane kwa chuma kinachopita nyuma ya tairi kutoka upande hadi upande. Bila chuma hicho kila fremu inacheza peke yake kwenye mawimbi ya barabara, na mchezo huo ndio unaokata bolti na kupasua machomeleo. Bolti zote zinazoshika keria zitolewe, zisafishwe, zipakwe gundi ya nati ya nguvu ya kati, zirudishwe kwa spana ya kupimia nguvu. Ukishatembea kilomita 200 au 300, zikague tena. Chora mstari wa rangi unaopita juu ya kichwa cha bolti na chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika unajua bolti imezunguka, na kila asubuhi ukaguzi unakuwa wa sekunde chache.

Tairi

Saizi zako ni 110/80-19 mbele na 150/70-17 nyuma. Zaidi ya saizi soma namba ya uwezo wa kubeba: 59 mbele ni kilo 243, na 69 nyuma ni kilo 325. Tairi za nje ya lami huwa na herufi ya mwendo wa chini, kama Q ambayo kikomo chake ni kilomita 160 kwa saa. Hilo halina shida kwa safari. Namba ya uzito ikishuka, ndiyo shida, kwa sababu mtakuwa mmeikalia nyinyi wawili.

Kwa mchanganyiko wenu wa njia, chagua tairi ya safari yenye mifereji mipana, iliyotengenezwa zaidi kwa lami na kiasi kwa changarawe. Tairi yenye meno makubwa inavutia machoni, lakini chini ya mzigo wa watu wawili kwenye lami yenye joto ya nyuma inaweza kwisha kabla ya nusu ya safari. Tairi nzuri ya safari, nyuma, huenda kilomita 8,000 hadi 12,000 kulingana na mwendo, joto na upepo wake. Kwa kilomita 12,000 ukiwa umepakia, panga kabisa mahali pa kubadilisha tairi ya nyuma. Usitegemee bahati.

Upepo wa kitabu, tairi zikiwa baridi, ni psi 33 mbele. Nyuma 36 ukiwa peke yako na 41 mkiwa wawili. Tumia 41. Kosa linaloua tairi za safari ni kushusha upepo kwa ajili ya changarawe kisha kurudi lami bila kuujaza: kuta za tairi zinajikunja, zinachemka, nyuzi za ndani zinaachana. Rimu zako ni za kumwagwa, zisizo na spoki. Faida yake ni tairi isiyo na mpira wa ndani, inayozibwa pancha bila kutolewa. Hasara yake ni kwamba shimo lenye kingo kali, upepo ukiwa mdogo na mzigo mzito, linapinda ukingo wa rimu na hewa inavuja. Mkiwa mmepakia usishuke chini ya psi 30 nyuma hata kwenye changarawe. Punguza mwendo badala ya upepo.

Beba nyuzi za kuzibia pancha zisizopungua kumi, chombo cha kukwangulia tundu, chombo cha kusukumia na kompresa ndogo ya umeme. Kompresa hiyo hula kama ampea 10, kwa hiyo iunganishwe na betri moja kwa moja kupitia fyuzi ya 15, isichomekwe kwenye tundu la chaja ya simu. Badilisha pia valvu za rimu unapoweka tairi mpya. Valvu ya mpira ya miaka mingi hupasuka shingoni, na pancha ya hapo haizibiki.

Cheni na spoketi

Cheni yako ni ya saizi 525, spoketi ya mbele meno 15 na ya nyuma 47. Kama mizunguko ya taratibu kwenye mawe itakuwa mingi, meno 14 mbele yatakupa mvuto zaidi kwa karibu asilimia 7, na injini itazunguka kwa kasi zaidi lami kwa asilimia hiyo hiyo. Kwa safari yenu ya lami nyingi, bakia na 15.

Kabla ya kuondoka pima uchakavu. Vuta cheni ikaze, kisha pima umbali wa pini 21 zinazofuatana, kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho. Ikivuka milimita 319.4, badilisha cheni na spoketi zote mbili kwa pamoja. Kuweka cheni mpya juu ya spoketi kuukuu ni kuiua cheni mpya.

Sasa jambo linaloharibu safari nyingi za watu wawili. Kitabu kinataka cheni icheze milimita 20 hadi 30, ikipimwa pikipiki ikiwa tupu. Mkipanda, mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) unapanda na cheni inakaza. Inakaza zaidi pale spoketi ya mbele, pini ya mkono wa nyuma na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ikikaza kabisa hapo, nguvu yote inaingia kwenye beringi ya shafti inayotoka injini, na beringi hiyo kuibadilisha ni kupasua injini. Kwa hiyo pakia, pandeni wote, na mtu wa tatu aisukume cheni kwa kidole: lazima ibaki na mchezo unaoonekana. Ikibidi, iache kwenye 30 au zaidi kidogo. Cheni iliyolegea kidogo hupiga kelele, iliyokaza huvunja. Zungusha gurudumu na upime sehemu nne, maana cheni hairefuki sawasawa, kisha rekebisha kwa kufuata sehemu iliyokaza zaidi. Nati ya ekseli ya nyuma ifungwe kwa Nm 100.

Mafuta ya gia ya 80W-90 yanatosha kabisa kwa cheni. Paka kila kilomita 500 hadi 700, jioni, cheni ikiwa bado na joto, ili yakae usiku kucha, na kila baada ya mvua. Kwenye vumbi jingi paka kidogo sana kisha futa, kwa sababu mafuta mengi yakichanganyika na mchanga yanakuwa msasa.

Kinga za injini

Kwenye pikipiki hii filta ya oili na bomba la moshi la silinda ya mbele viko mbele ya injini, nyuma tu ya gurudumu. Jiwe moja linaweza kutoboa filta, na oili ikimwagika mbele ya tairi ya nyuma hamna haja ya kuelezwa kinachofuata. Bamba la alumini la milimita 4 lipande hadi lifunike filta kwa mbele. Mabamba mengi ya bei ya chini yanaishia chini tu. Liwe na tundu la kumwagia oili, na lishikwe kwenye injini au fremu kwa angalau sehemu nne. Ongeza kipande cha chini cha madigadi ya mbele. Ni plastiki ya gramu chache, lakini inapunguza sana mawe na tope linalopigwa kwenye filta na rejeta. Kwa uzito wake, hakuna kinga inayoishinda.

Wavu wa rejeta uwekwe, na kila jioni ya tope uoshwe. Wavu ulioziba huchemsha injini kuliko kutokuwa na wavu. Kinga za mikono ziwe na chuma ndani, kwa sababu za plastiki tupu huzuia upepo tu, haziokoi leva.

Kiti, usukani na upepo

Abiria akichoka, safari imechoka. Kiti laini hudanganya dukani. Baada ya saa mbili sponji inabonyea hadi mwisho na mifupa inakalia plastiki. Tafuta sponji ngumu zaidi na pana zaidi nyuma. Kama unateleza kuelekea tangi, jaribu kwanza kuinua pua ya kiti kwa vipande vya mpira vya milimita 5 hadi 10 chini ya kishikizo chake cha mbele. Mara nyingi hilo peke yake linamaliza tatizo.

Usukani unaweza kuinuliwa milimita 20 hadi 30 kwa vipande vya kuinulia vya alumini. Baada ya kuinua, washa injini bila gia na ugeuze usukani mwisho kushoto kisha mwisho kulia. Mzunguko wa injini ukibadilika, kebo ya mafuta inavutwa, na pikipiki hiyo haifai kutoka hadi kebo ipitishwe upya. Kagua na bomba la breki la mbele lisikaze.

Upepo unaotikisa kofia ni lawama ya zamani kwa V-Strom. Kishawishi ni kununua kioo kirefu, na mara nyingi kioo kirefu kinaleta mtikisiko zaidi. Upepo ukipita juu ya ukingo wa kioo unajikunja, ukitafuta kujaza nafasi tupu nyuma yake, na mkunjo huo ndio unaokupiga kichwani. Fanya jaribio moja kabla ya kununua: toa kioo kabisa, nenda kilomita chache kwa mwendo wa safari. Upepo ukiwa mwingi lakini laini, tatizo ni kioo. Kisogeze mbele sentimita 2 hadi 3 kwa vishikizo vya kurekebisha ili hewa ipite chini yake na kujaza ile nafasi tupu, kisha badilisha mwinamo kidogo kidogo. Ukingo wa juu ubaki chini ya mstari wa macho yako, usiwe unatazama kupitia kioo. Usiku wa mvua, kioo chenye vumbi mbele ya macho ni ukuta.

Umeme

Bajeti ya umeme ni ndogo, ila inatosha ukiwa na nidhamu. Vipasha joto vya mikono vinakula wati 30 hadi 40, taa mbili za ziada za kisasa 20 hadi 40, chaja ya simu 10 hadi 20, koti la umeme 50 hadi 75. Hutakiwi kukisia. Unganisha kipima volti kwenye betri, shikilia injini kwenye mzunguko wa safari, washa kila kitu. Ikibaki juu ya volti 13.5, uko salama. Ikishuka chini ya 13, kuna kitu cha kuzima.

Taa ziwashwe kupitia rilei, yaani swichi ya umeme, inayoamshwa na waya wa taa ndogo ya nyuma, ili zizime zenyewe ukizima ufunguo. Fyuzi ikae ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Kazi yake ni kuulinda waya, na kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Jihadhari pia na vitu vinavyokula umeme pikipiki ikiwa imelala. Kifuatiliaji kinachovuta miliampea 40 hula karibu ampea-saa 1 kwa siku, na betri yako ni ya 10. Wiki moja ya kusimama inatosha kukufanya usukume.

Kabla ya safari fungua plagi inayounganisha koili za kuchaji na regyuleta, kifaa kinachodhibiti volti ya kuchaji betri. Ikiwa na rangi ya kahawia au plastiki imeyeyuka kidogo, kata, weka plagi mpya au unga nyaya kwa risasi na mpira wa kubana. Muunganiko ulioanza kuungua hauponi, na unapokufa huenda na regyuleta.

Mafuta

Tangi lako ni la lita 20. Mkiwa wawili na mizigo, kwa mwendo wa kistaarabu, panga lita 5 kwa kilomita 100, na 5.5 hadi 6 mkipambana na upepo au mkivuka kilomita 120 kwa saa. Hizo ni kilomita 350 kabla ya kuanza kuhangaika. Tangi la lita 30 lingeongeza zaidi ya kilo 7 za mafuta, pamoja na uzito wa tangi lenyewe, juu na mbele, kila siku, kwa ajili ya siku mbili au tatu za safari. Chukua mfuko laini wa mafuta wa lita 5, uujaze tu pale ramani inapodai, umwage kwenye tangi mara nafasi inapopatikana.

Spana na vipuri

Mfuko wa spana unajaribiwa nyumbani: ukitumia vilivyomo tu, toa na urudishe magurudumu yote mawili, toa tangi, fikia betri na filta ya hewa. Kilichokosekana ongeza, kisichoguswa toa. Klachi yako ni ya kebo, kwa hiyo kebo ya akiba ilazwe kabisa kando ya ile inayotumika, ncha zake zimefungwa plastiki. Ikikatika unahamisha ncha mbili tu. Mengine ni leva ya klachi na ya breki, pedi za breki mbele na nyuma, kiungo cha cheni, fyuzi, gundi ya udongo ya chuma kwa tundu la injini, waya wa kufungia na nati za M6 na M8. Valvu za injini hukaguliwa kila kilomita 24,000. Kama mtavuka namba hiyo njiani, ifanye kazi hiyo kabla ya kuondoka, maana silinda ya nyuma inafikiwa kwa kutoa tangi na boksi la hewa. Nafasi za valvu injini ikiwa baridi ni milimita 0.10 hadi 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.20 hadi 0.30 kwa za kutoa.

Majaribio

Maliza mabadiliko yote wiki nne kabla, kisha mfanye safari ya siku mbili mkiwa na mzigo kamili, angalau kilomita 600, changarawe ikiwemo. Mkirudi kagua mistari ya rangi kwenye bolti, rangi ya kuungua kwenye plagi za umeme, alama za tairi kugusa madigadi ya nyuma, na oili kwenye mabomba ya shokapu za mbele.

Mkiona pikipiki inayumba kwa mwendo wa lami, fuata mpangilio huu, kimoja kimoja, na ujaribu kila baada ya hatua: upepo wa tairi, kisha mkazo wa springi ya nyuma, kisha ondoa sanduku la juu, kisha beringi za usukani, mwisho tairi yenyewe. Yumba ikipotea ulipoondoa sanduku la juu, libaki nyumbani na nyaraka zihamie kwenye begi dogo la juu ya tangi.